Dresden chini ya mbalamwezi: mchoraji aliionaje rangi yake gizani?

Mwalimu mmoja wa sekondari huko Tanga ameniandikia hivi: "Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha ya mji wa Dresden usiku wa mwezi mpevu, iliyochorwa na J. C. Dahl mwaka 1839. Wakaniuliza: gizani mtu anaionaje rangi iliyo kwenye brashi yake? Alichora usiku ule kweli, au alitunga? Na kama alitunga, kwa nini tuamini kwamba usiku ule ulikuwa hivyo?"

Mwalimu, wape wanafunzi wako hongera, maana wameshika mahali penyewe. Picha hii haikuchorwa usiku. Ilichorwa ndani, mchana, kwenye chumba cha kazi chenye dirisha kubwa. Hata hivyo ni picha ya kweli, na ukweli wake unaweza kupimwa. Naomba unipe nafasi nieleze kwa kirefu, kwa sababu swali hili ndilo mlango wa kuielewa sanaa yote ya mandhari ya wakati ule tunaouita wa Ulimbwende, yaani Romanticism kwa Kiingereza, sanaa iliyotukuza hisia na maumbile.

Kwanza vitu vilivyomo. Picha ina upana wa sentimita 130 na kimo cha sentimita 78, rangi ya mafuta juu ya turubai, na leo iko Dresden kwenyewe, nchini Ujerumani, katika jumba la makumbusho la Albertinum. Mtazamaji amesimama ukingo wa kaskazini wa mto Elbe, upande uitwao Neustadt, akiutazama mji mkongwe ng'ambo. Kuna kuba kubwa la kanisa la Frauenkirche, kuna mnara wa kanisa Katoliki la ikulu, na kuna daraja la mawe la Augustus, tao baada ya tao. Mwezi mpevu uko juu kati ya mawingu. Chini, ukingoni, wapo watu na farasi. Ukiitazama picha kwenye simu au kwenye karatasi ya kuchapwa, utaona weusi mtupu sehemu hiyo ya chini na utapita. Usipite. Nitarudi kwa hao watu.

Johan Christian Dahl hakuwa Mjerumani. Alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1788, mtoto wa mvuvi, akafundishwa kwanza kazi ya kupaka rangi na mapambo ya majumba. Mwaka 1811 alikwenda kusoma katika chuo cha sanaa cha Copenhagen, na mwaka 1818 akahamia Dresden, akabaki huko, ukiacha safari zake, hadi alipofariki mwaka 1857. Kwa hiyo alipoichora picha hii alikuwa ameishi katika mji huo zaidi ya miaka ishirini. Alilijua kuba lile kama mtu anavyoujua msikiti wa mtaani kwake. Jambo hili lina uzito katika jibu langu, kwa sababu usiku hauonyeshi vitu vyote, na anayeuchora usiku ni lazima awe anakijua kile asichokiona.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1839 rangi ya mafuta haikuuzwa katika tyubu za bati laini kama leo. Tyubu hizo alizibuni Mmarekani John Goffe Rand mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi iliyosagwa na mafuta ilifungwa ndani ya vipande vya kibofu cha nguruwe, vikakazwa kwa uzi. Mchoraji alitoboa kifuko kwa msumari mdogo, akaminya kiasi anachotaka, akaziba tundu. Vifuko hivyo vilipasuka, vilivuja, na rangi ilikauka upesi. Wachoraji walitoka navyo nje wakachora vipicha vidogo vya mafuta juu ya karatasi, na Dahl alikuwa hodari sana wa kazi hiyo: mawingu, miti, mawe, hata mlima Vesuvio ulipokuwa ukitema moto mwishoni mwa 1820, naye yuko karibu na Napoli. Lakini hayo yalifanyika palipo na mwanga. Usiku, hata chini ya mwezi mpevu, mtu hawezi kutofautisha kwenye ubao wake wa kuchanganyia rangi kahawia na nyekundu. Wanafunzi wako wana haki kabisa kuliona tatizo hilo.

Alichokifanya mchoraji wa mbalamwezi ni kugawa kazi. Mchana alichora umbo la mji kwa penseli, mstari kwa mstari. Usiku alitoka akatazama, akakariri: wapi pameng'aa zaidi, wapi pamezama kabisa, wingu lina ukingo gani. Kesho yake, akiwa ndani, aliviunganisha viwili hivyo. Dahl mwenyewe hakuwa mwanagenzi: alipewa cheo cha uprofesa Dresden mwaka 1824. Fursa ya kutazama hakukosa. Tangu 1823 alikaa katika nyumba nambari 33 ya barabara iliyoitwa An der Elbe, yaani kando ya mto. Nyumba hiyo ilikuwa upande wa mji mkongwe, kwa hiyo madirisha ya mtoni yalimpa maji na ukingo wa pili. Ili auone mji wake kama unavyoonekana kwenye picha, ilimpasa avuke ng'ambo ageuke nyuma.

Na kuvuka huko ndiko kulikompa picha. Mji mkongwe uko kusini mwa mto. Katika nchi za kaskazini kama Ujerumani, mwezi unapokuwa juu kabisa katika safari yake ya usiku, huwa upande wa kusini. Basi mtu akisimama Neustadt, mwezi unakuwa nyuma ya majengo, unayamulika kwa upande ambao yeye hauoni. Kuba na minara vinabaki weusi, na mstari wa nje tu ndio unaosomeka. Maji yaliyo kati ya mji na mtazamaji yanaupokea mwanga na kumletea miguuni. Angesimama upande wa pili, mwezi uko mgongoni, angeona kuta zimemulikwa kwa mwanga dhaifu, bila fumbo lolote.

Wanafunzi wa pwani watakuwa na swali la ziada hapa. Kwetu mwezi mpevu ukifika katikati ya safari yake hupita karibu na utosi, na ile njia ya fedha juu ya bahari huonekana vizuri mapema jioni tu, mwezi unapochomoza upande wa Pemba. Ukishapanda, njia inafupika na kuja chini karibu yako. Dresden iko nyuzi 51 kaskazini ya ikweta. Huko, katika miezi ya kiangazi chao, Juni hadi Agosti, mwezi mpevu hauinuki sana juu ya mapaa. Unatembea chinichini usiku kucha, na mwanga wake juu ya maji unakaa mrefu kwa saa nyingi. Ndiyo maana wachoraji wa kaskazini wana mbalamwezi za namna hii kwa wingi, kuanzia Mholanzi Aert van der Neer katika karne ya 17, aliyejulikana sana kwa mito yake ya usiku.

Rangi sasa. Watu wengi wakiulizwa usiku wa mbalamwezi una rangi gani husema buluu, na wachoraji wanakubaliana nao. Lakini mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua uliogonga vumbi la kijivu na kurudi, na ukiupima kwa chombo utaukuta una wekundu kidogo kuliko ule wa jua. Buluu inatoka kwetu wenyewe. Jicho lina seli za aina mbili: zile za mchana, zinazotambua rangi, na zile za gizani, zisizotambua rangi ila zinazoguswa zaidi na mwanga ulio upande wa buluu na kijani. Mwezi mpevu una mwanga hafifu kuliko jua kwa takriban mara 400,000. Hapo seli za mchana zinaanza kulegea, za gizani zinashika zamu, na nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Chukueni khanga yenye nyekundu na buluu mkaitazame nje usiku wa mwezi: nyekundu itakuwa imegeuka nyeusi ilhali buluu bado inapumua.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kisayansi alikuwa Jan Evangelista Purkyně, Mcheki, katika maandishi yake ya mwaka 1825, miaka 14 kabla ya picha yetu. Napenda sana ukaribu huo wa tarehe. Sidai kwamba Dahl alimsoma. Wachoraji walikuwa wamelijua jambo lenyewe kwa mkono tangu zamani, ndiyo maana katika picha hii nyekundu haipo kabisa mahali panapomulikwa na mwezi. Kuna kijivu, kuna kijani kizito, kuna buluu iliyotiwa kahawia. Mchoraji mchanga humimina buluu tupu, na picha yake huonekana kama mchana uliowekewa miwani. Dahl aliiweka buluu mahali pachache, kisha akaizungushia mwezi ukungu wenye joto, karibu rangi ya mchanga, kama unavyouona kweli wingu jembamba linapopita mbele ya mwezi. Joto hilo dogo ndilo linalofanya sehemu nyingine zote zionekane baridi.

Kuna ugumu mwingine ambao wanafunzi hawakuuliza, nami nauona mkubwa kuliko wa rangi. Mwezi unatoa mwanga, na rangi haitoi. Nyeupe kali kuliko zote aliyokuwa nayo mchoraji ni ile ya madini ya risasi, na hiyo ni unga mweupe tu uliochanganywa na mafuta. Ukiuchora mwezi kwa nyeupe hiyo juu ya anga la kijivu, unapata sahani. Njia pekee ni kuvishusha vingine vyote hadi nyeupe hiyo ionekane imewaka. Wataalamu wa rangi ya mafuta wana desturi ya zamani: giza hupakwa jembamba na la kupitisha mwanga, mwanga hupakwa mzito. Ukipata nafasi ya kusimama mbele ya picha ya namna hii, sogea upande, uitazame kwa mshazari: mahali mwezi unapogusa maji utaona rangi imeinuka, na inashika mwanga wa taa za chumba. Karatasi iliyochapwa haiwezi kukupa hilo, na skrini ya simu inaharibu kinyume chake, inawasha kila kitu sawa. Kwa hiyo kama darasani picha ilionekana nyeusi mno, kosa si la mchoraji wala lako.

Sasa ule mstari wa nje. Miaka 91 kabla ya Dahl, mwaka 1748, Bernardo Bellotto kutoka Venezia alisimama ukingo huohuo wa Neustadt akauchora mji ule mchana kweupe, kwenye turubai kubwa ya zaidi ya mita mbili. Kwake unaweza kuhesabu madirisha. Hata jukwaa la mafundi kwenye mnara wa kanisa la ikulu, ambalo lilikuwa bado linajengwa, amelichora. Picha hiyo ilikuwa mali ya mkusanyiko wa kifalme palepale Dresden. Dahl hakuhitaji kushindana na mhesabu madirisha. Usiku ulimwondolea madirisha, mapambo, nyufa na mabango, ukamwachia vitu vitatu: umbo la mji juu ya anga, maji, na mahali mwanga ulipo. Kuba la Frauenkirche, lililobuniwa na George Bähr na kukamilika mwaka 1743, lina umbo la kengele ya mawe lisilofanana na la kanisa jingine lolote la mji ule. Halihitaji maelezo zaidi ya mzingo wake. Mkazi wa Dresden angeitambua nyumba yake ya ibada kwa umbo hilo peke yake, na ndivyo wakazi wanavyoutambua mji wao usiku, kwa maumbo.

Haiwezekani kuzungumzia mbalamwezi na Dresden nikamwacha Caspar David Friedrich. Yeye na Dahl waliishi nyumba moja, ile ya nambari 33, familia zao zikiwa jirani kabisa. Friedrich ndiye jina kubwa la Ulimbwende wa Kijerumani, na alikuwa ameuchora mji wake wa kuzaliwa, Greifswald, chini ya mwezi mwaka 1817: mji uko mbali, umeyeyuka kama ndoto, mbele kuna nyavu za wavuvi zimetundikwa. Kwa Friedrich mwezi unavuta roho kwenda juu. Katika picha yake ndogo ya wanaume wawili wanaoutazama mwezi, watu hao wametupa mgongo, wamesimama, hawafanyi lolote ila kutazama. Dahl aliimiliki picha hiyo. Aliipata kwa kubadilishana na rafiki yake, na mwaka 1840 ikanunuliwa kwake na jumba la picha la Dresden. Kwa hiyo alipokuwa akichora Dresden yake, huenda watu wale wawili wenye makoti walikuwa ukutani mwake.

Linganisha sasa na watu wake mwenyewe, wale niliosema usiwapite. Hakuna hata mmoja anayeutazama mwezi. Wako na farasi wao majini, wana kazi zao, usiku umewapa mwanga wa kutosha na wanautumia. Ng'ambo kuna mwanga mdogo wa manjano kwenye baadhi ya madirisha: mtu yuko ndani, bado hajalala. Hapa ndipo ninapompenda Dahl kuliko mwenzake, ingawa najua wengi watanipinga. Friedrich anakuomba uondoke mjini ili uwe na mwezi. Dahl anakwambia mwezi uko mjini, unashirikiana na watu wake. Na alikuwa mtu aliyefahamu hasara. Mke wake wa kwanza, Emilie, alifariki mwaka 1827 kwa uzazi, na wa pili, Amalie, akafariki kwa uzazi vilevile mwaka 1830, mwaka uleule waliofunga ndoa. Friedrich naye alipatwa na kiharusi mwaka 1835, na mwaka wa picha hii alikuwa mgonjwa katika nyumba ileile. Alifariki Mei 1840. Mchoraji mwenye hayo yote nyumbani angeweza kutupa usiku wa makaburi. Ametupa farasi wanaonyweshwa.

Mji huo wenyewe ulikuwa unabadilika usiku wake. Taa za gesi zilikuwa zimewashwa Dresden kwa mara ya kwanza mwaka 1828, jirani na ikulu. Aprili 1839 reli kutoka Leipzig hadi Dresden ilikamilika. Mwezi Agosti mwaka huohuo, huko Paris, siri ya upigaji picha wa Daguerre ilitangazwa hadharani, ila vyombo vile vya awali havikuweza kabisa kuushika usiku wa mji kama huu. Miji mingi ya Ulaya bado ilikuwa na desturi ya kutowasha taa za barabarani usiku wa mwezi mpevu ili kubana matumizi, maana yake mbalamwezi ilikuwa huduma ya umma. Watu walipanga safari na mialiko kwa kalenda ya mwezi, kama wavuvi wetu wanavyopanga kwa bamvua. Mtazamaji wa 1839 hakuiona picha hii kama pambo. Aliona usiku aliokuwa akiutumia.

Umeniuliza kwa nini tuamini. Jiometri inakubali: mwezi uko kusini, mji uko kusini, vivuli vinakuja kwetu, njia ya mwanga juu ya maji inaelekea kwa mtazamaji kama inavyopaswa kuelekea kwa kila anayesimama ufukweni. Jicho linakubali, kwa nyekundu iliyokufa na buluu iliyobaki. Majengo yanakubali, na kwa hili historia ilitoa kipimo kichungu. Februari 13 hadi 15, 1945, mji mkongwe wa Dresden ulilipuliwa kwa mabomu na kuteketea. Kuba la Frauenkirche lilivumilia moto kisha likaporomoka asubuhi ya tarehe 15, na kifusi kikaachwa kimelala hapo miongo kadhaa. Ujenzi mpya ulianza 1994 na kanisa likawekwa wakfu tena Oktoba 30, 2005. Daraja nalo si lile: la zamani lilibomolewa mwaka 1907 na jipya likakamilika 1910. Pamoja na hayo yote, ukisimama leo Neustadt usiku wa mwezi, mstari wa mji juu ya anga unaufuata wa Dahl, kwa sababu waliojenga upya waliurudisha mzingo uleule.

Kama wanafunzi wataka kujihakikishia, wafanye alivyofanya yeye. Mchana wachore kwa penseli umbo la nje la majengo ya ufukweni, bila dirisha hata moja. Usiku wa mwezi mpevu wasichukue rangi wala simu. Waje na karatasi ileile, watie alama tatu tu: mahali panapong'aa kuliko pote, mahali penye giza kuliko pote, na mwanzo na mwisho wa njia ya mwanga juu ya maji. Warudi baada ya saa moja waitie alama njia hiyo tena, wataikuta imehama. Rangi wapake kesho yake darasani, na nyeupe waiweke mwisho.